Wasomaji Wanauliza: Moyo Unataka Mwendo Kiasi Gani?

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinauliza kuhusu moyo na mazoezi. Tumechagua saba. Baadhi tumezijibu kwa kirefu kwa kuwa waulizaji wanaweza kudhurika wakikosea; nyingine hazihitaji maneno mengi.

Nina miaka 44 na kazi yangu ni ya mezani, nakaa kama saa tisa kwa siku. Simu yangu inahesabu hatua, na siku nyingi sifikishi hata 4,000. Kila mahali naambiwa bila hatua 10,000 moyo haunufaiki. Je, najisumbua bure?
*Mkaaji wa ofisini*

Hujisumbui bure, ndugu yetu. Hiyo 10,000 haikutoka maabara. Ilitoka Japani, kwenye kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964. Kiliitwa Manpo-kei, maana yake kipimo cha hatua elfu kumi. Jina lilivutia wateja, namba ikabaki vichwani mwa watu.

Watafiti walipokuja kupima wenyewe walikuta picha tofauti. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019, wanawake zaidi ya 16,000 wenye wastani wa miaka 72 walivalishwa vipima mwendo. Waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ya kufa iliyo pungufu kwa asilimia 41 kuliko waliotembea kama 2,700. Nafuu iliendelea kupanda hadi karibu hatua 7,500, kisha ikatulia. Wewe ni kijana kwao, kwa hiyo usiifanye 7,500 kuwa kikomo chako. La kushika ni kwamba anayetoka kwenye kukaa tu na kuanza kutembea kidogo ndiye anayevuna zaidi. Uchambuzi wa mwaka 2023, uliojumlisha tafiti nyingi, ulikuta kwamba hata dakika 75 kwa wiki za mwendo wa kadiri, kama dakika 11 kwa siku, zinaendana na kupungua kwa hatari ya magonjwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 17.

Shirika la Afya Duniani linawataka watu wazima wafikishe dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya kadiri, au 75 hadi 150 za shughuli nzito, pamoja na mazoezi ya misuli siku mbili au zaidi. Tangu mwongozo wa 2020, ile sharti ya zamani kwamba dakika zihesabiwe tu zikifika 10 mfululizo imeondolewa. Ngazi za ghorofa mbili zinahesabika.

“Kadiri” ni kiasi gani? Ongea huku unatembea. Ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, uko penyewe. Ukiweza kuimba, kaza mwendo. Ukipata maneno matatu tu kabla ya kuvuta pumzi, hiyo tayari ni nzito, na dakika moja yake huhesabiwa kama mbili. Kwa watu wengi mwendo wa kadiri huanzia kama hatua 100 kwa dakika, kwa hiyo usiangalie jumla ya siku peke yake: hatua 3,000 za haraka ndani ya nusu saa zina kazi kubwa kuliko idadi hiyohiyo ya kuzungukazunguka ndani.

Anza na dakika 10 kila siku kwa wiki mbili, kisha ongeza dakika 5 kila wiki hadi ufike 30, siku tano kwa wiki. Wanaoanza na saa nzima siku ya kwanza huumwa mifupa ya mbele ya miguu ndani ya siku chache, wakaacha kabisa. Na kule kukaa saa tisa? Uchambuzi mkubwa wa 2016, uliohusu watu zaidi ya milioni moja, ulionyesha kwamba hatari ya kifo inayoletwa na kukaa zaidi ya saa nane inaweza kufutwa na dakika 60 hadi 75 za mwendo wa kadiri kwa siku. Ni nyingi, tunajua. Usipozifikisha, inuka kila baada ya nusu saa utembee dakika mbili tatu. Ukipigiwa simu, ipokee umesimama.

Nafundisha biolojia sekondari. Wanafunzi wameniuliza mazoezi yanazuiaje mishipa kuziba, nikawajibu “yanachoma mafuta”. Nahisi jibu langu lilikuwa jepesi mno.
*Mwalimu*

Lilikuwa jepesi, mwalimu, na kuna bora zaidi la kuwapa. Utando wa ndani wa mshipa ni safu moja ya seli, na seli hizo huhisi msuguano wa damu inayopita. Damu ikienda kasi, kama inavyokuwa mtu anapotembea haraka, seli hutoa gesi ya naitriki oksidi. Gesi hiyo hulegeza misuli ya mshipa ili upanuke, na huzuia chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zisigandane ovyo. Mtu akikaa muda mrefu, msuguano hupungua na seli hulegea kazini.

Hapohapo, misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata insulini ikiwa kidogo, na wepesi huo hudumu siku moja hadi mbili. Mafuta aina ya traigliseridi hushuka. Kolesteroli nzuri hupanda kidogo. Kolesteroli mbaya, ile ya LDL, haishuki sana kwa mazoezi pekee, na hapa ndipo watu wengi hukata tamaa wakisoma majibu ya maabara: wanatafuta faida mahali ambapo si kubwa. Mwishowe, chumba cha kushoto cha moyo hujaa zaidi na kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, hivyo moyo hupiga mara chache ukiwa umepumzika.

Wataalamu, shikamooni. Nina miaka 52, natumia atenololi kwa ajili ya presha. Saa yangu inasema mapigo yangu yafike 108 hadi 128 nikifanya mazoezi, lakini hata nikitoka jasho hayapiti 100. Pia juzi nilijipima mara tu baada ya kupanda ngazi nikakuta 168/84, nikaogopa nikaacha kila kitu.
*Baba wa watoto wanne*

Marahaba. Vifaa vyako havijaharibika, na wewe hujakosea mazoezi.

Saa hutumia kanuni ya 220 ukitoa umri, yaani 168 kwako, kisha ikachukua asilimia 64 hadi 76. Kanuni hiyo haijui kwamba umemeza atenololi. Dawa za kundi la bitabloka, zikiwemo bisoprololi na propranololi, kazi yake ni kuuzuia moyo usikimbie. Ukilazimisha kufika 120 utakuwa unajisukuma kwenye mazoezi mazito huku ukidhani ni ya kadiri. Zima kengele ya saa, tumia kipimo cha kuongea na kuimba tulichompa mkaaji wa ofisini. Na usiache dawa ili mapigo yapande. Bitabloka ikikatishwa ghafla, moyo unaweza kurudi kwa kishindo: mapigo kwenda mbio, presha kupaa, hata maumivu ya kifua.

Kuhusu ile presha ya 168/84: namba ya juu ya presha hupanda wakati wa mazoezi kwa kila mtu, kwa sababu moyo unasukuma damu nyingi zaidi. Namba ya chini hubaki palepale au hubadilika kidogo, kama ilivyokuwa kwako. Kipimo cha kujua hali yako huchukuliwa angalau nusu saa baada ya mazoezi, kahawa au sigara. Kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishanisha, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi tupu. Pima mara mbili kwa kuachia dakika moja. Mkanda ukiwa mdogo kwa mkono mnene, namba itatoka kubwa kuliko ilivyo.

Kinachokufaa zaidi ni mpangilio wa siku. Baada ya mazoezi presha hushuka chini ya kawaida yako, na nafuu hiyo inaweza kudumu saa kadhaa, hata karibu siku nzima. Ndiyo maana nusu saa siku tano kwa wiki inamfaa mwenye presha kuliko saa mbili na nusu za Jumamosi. Akidumu kwa miezi, namba ya juu hupungua kwa kama 5 hadi 8. Ni kiasi kinachokaribia kazi ya kidonge kimoja, lakini daktari ndiye atakayeamua kama dozi ipunguzwe.

Ukiongeza mazoezi ya misuli, usibane pumzi. Toa pumzi unapoinua, vuta unaposhusha. Anayebana pumzi huku akisukuma kitu kizito huirusha presha juu sana kwa sekunde chache. Chagua uzito unaoweza kuuinua mara 10 hadi 15 bila kukunja uso. Ukijipima umepumzika ukakuta 180/110 au zaidi, siku hiyo hakuna mazoezi. Muone daktari kwanza.

Mimi ni mbeba mizigo tangu alfajiri hadi jioni. Daktari ananiambia nifanye mazoezi! Kweli?
*Mpagazi*

Tunaelewa mshangao wako, kaka. Mwaka 1953 mtafiti Jeremy Morris na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Makondakta, waliopanda na kushuka ngazi siku nzima, walipata ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa. Kwa hiyo kazi inaweza kumkinga mtu. (Baadaye Morris alipochunguza vipimo vya sare aligundua kwamba madereva walikuwa na viuno vinene kuliko makondakta hata walipokuwa vijana. Alikuwa mkweli wa kutosha kuichapisha kasoro hiyo ya hoja yake mwenyewe.)

Kubeba mizigo ni jambo jingine. Tafiti za karibuni, nyingi za Denmark, zimekuta kwamba kazi nzito ya saa nyingi haileti kinga ile inayoletwa na mazoezi ya muda wa mapumziko, na kwa wanaume inaweza hata kuongeza hatari. Bado kuna ubishi kuhusu ukubwa wa jambo hilo, kwani wabeba mizigo mara nyingi wana dhiki nyingine za maisha. Maelezo yanayopewa uzito ni haya: mzigo hubana misuli na kupandisha presha kwa saa nyingi, mapigo hayashuki siku nzima, lakini mwendo haufiki kasi ya kuuzoesha moyo, halafu mwili haupati muda wa kupumzika. Kukimbia dakika 20 ni kipindi kifupi chenye mwisho.

Tusingekuongezea kazi baada ya siku kama hiyo. Lala vya kutosha, pima presha, acha sigara kama unavuta, na siku ya mapumziko tembea haraka nusu saa mikono mitupu.

Nina miaka 51, nacheza mpira kila Jumapili na marafiki, siku nyingine sifanyi lolote. Mwezi uliopita mwenzetu mmoja alianguka uwanjani akafa. Mimi mwenyewe nikikimbia dakika kumi za mwanzo nahisi kifua kinabana, nikisimama kinaachia. Niache mpira?
*Beki wa Jumapili*

Pole kwa msiba. Uacheni mpira kwanza, wewe na kila anayehisi hivyo, hadi mpimwe. Kifua kinachobana ukikimbia na kuachia ukisimama ni alama ya mshipa wa moyo uliopungua upana: ukiwa umepumzika damu inatosha, ukikimbia haitoshi. Huenda ikawa kingine, lakini hilo haliamuliwi uwanjani. Nenda wiki hii, umwambie daktari maneno hayohayo uliyotuandikia, kwamba huja kwa kukimbia na kuondoka kwa kusimama. Hayo yanamsaidia kuliko kusema “kifua kinauma”. Tarajia kipimo cha umeme wa moyo, vipimo vya damu, pengine pia cha kukimbia juu ya mashine ukiwa umefungwa nyaya. Kikianza kubana ukiwa umekaa, au kisiachie ndani ya dakika tano za kupumzika, au kikiambatana na jasho baridi, kichefuchefu, maumivu ya taya au mkono, hapo si suala la wiki hii. Ni hospitali muda huo, na usiendeshe gari mwenyewe.

Kwa nini mchezo unaosifiwa kwa kulinda moyo unaua? Utafiti wa Marekani wa 1993 uliwauliza watu waliopatwa na shambulio la moyo walikuwa wakifanya nini saa moja kabla. Kwa waliozoea kukaa tu, saa ya shughuli nzito ilizidisha hatari yao zaidi ya mara 100 kuliko saa nyingine zao. Kwa waliofanya mazoezi mazito mara tano au zaidi kwa wiki, ilizidi mara 2.4 tu. Hatari ya saa moja yoyote ni ndogo sana, hivyo hata ikizidishwa mara 100 wengi hurudi nyumbani salama. Lakini beki wa miaka 51 anayepumzika siku sita kisha akakimbizana na vijana yumo hasa kwenye kundi la kwanza.

Ukiruhusiwa kurudi, jenga msingi: siku tatu za katikati ya wiki tembea haraka au kimbia pole dakika 30, kwa wiki sita hadi nane kabla ya mechi ya kwanza. Siku ya mechi, pasha mwili moto dakika 10, ukianza na kutembea, kisha mbio za pole, kisha mbio fupi chache. Kupasha moto kunaipa mishipa ya moyo nafasi ya kupanuka kabla haijadaiwa damu nyingi. Mwisho wa mechi usisimame ghafla wala kuketi. Tembea dakika tano hadi kumi. Ukisimama ghafla, damu hubaki miguuni, ubongo na moyo vikapungukiwa, na hapo ndipo wengi hupata kizunguzungu. Ukiwa na homa usicheze kabisa, kwa kuwa virusi vinaweza kuwa vimegusa msuli wa moyo.

Timu nzima ijue pia hili. Mchezaji akianguka bila kugongwa, haitiki, na hapumui au anavuta pumzi moja moja kwa kukoroma, moyo umesimama. Kukoroma huko si kupumua, na ndiko kunakowachelewesha watu. Mmoja apige simu ya dharura, mwingine atafute mashine ya kushtua moyo kama ipo, wa tatu apige magoti na kuanza kukandamiza katikati ya kifua: mikono miwili, viwiko vimenyooka, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, akiachia kifua kirudi juu kila mara. Mpokezane kila dakika mbili, maana mikono huchoka kabla mtu hajajua.

Nilikuwa mkimbiaji hodari shuleni. Sasa nina miaka 39, sijakimbia kwa miaka 15. Je, ile akiba ipo?
*Mwanariadha mstaafu*

Haipo, dada. Mtafiti Ralph Paffenbarger alipowafuatilia waliosoma chuo kikuu cha Harvard, Marekani, aliona kwamba wanamichezo wa chuo walioacha hawakubaki na kinga, ilhali waliokuwa wavivu chuoni wakaanza ukubwani waliipata. Tahadhari moja: akili yako inakumbuka mbio za zamani kuliko magoti yako. Anza kama asiyewahi kukimbia.

Mama yangu, miaka 66, ametoka hospitali wiki mbili zilizopita baada ya shambulio la moyo. Alipewa karatasi inayosema atembee. Shangazi zangu wanasema mgonjwa wa moyo hainuki, hata kikombe wanamletea kitandani. Nani ana haki?
*Binti mwenye wasiwasi*

Karatasi. Shangazi zako hawajabuni wazo hilo lakini. Zamani hata hospitali ziliwalaza wagonjwa hawa wiki sita. Mwaka 1966 huko Dallas, Marekani, vijana watano wenye afya njema walilazwa kitandani wiki tatu. Uwezo wao wa juu kabisa wa kutumia oksijeni ulishuka kwa zaidi ya robo. Walipopimwa tena miaka 30 baadaye, hakuna aliyekuwa na uwezo mdogo kuliko siku ile alipoinuka kitandani. Wiki tatu za kulala ziliwadhoofisha kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Huyo mama ana miaka 66, na kulala huko kunamwongezea pia hatari ya damu kuganda miguuni.

Kama karatasi ina ratiba yake, ifuate hiyo. Kama inasema “atembee” tu, mpigie aliyeiandika umuulize kama mpango huu unamfaa: dakika 5 mahali tambarare, mara mbili au tatu kwa siku, saa moja baada ya kula, kila siku mbili tatu aongeze dakika moja au mbili, hadi afike 30 kwa mkupuo mmoja. Awe anaweza kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Asibebe kitu kizito zaidi ya kilo 4 au 5 wiki hizi za mwanzo, na kama alipasuliwa kifua, katazo hilo ni la wiki nyingi zaidi. Uliza kama hospitali ina programu ya kurejesha uwezo wa moyo, ambayo huendeshwa kwa kawaida mara mbili au tatu kwa wiki chini ya uangalizi. Programu hizi hupunguza vifo vya moyo na kurudi wodini, na wanawake wazee ndio mara nyingi hawatumwi huko wasipoomba.

Kama amepewa nitroglisarini, dawa ya kupanua mishipa kifua kikibana, iwe mfukoni mwake, si kabatini. Kifua kikibana aketi, aiweke chini ya ulimi. Dakika tano zikipita bila nafuu, pigeni simu ya dharura. Mpime uzito kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya kula. Akiongezeka kilo 2 ndani ya siku tatu, au vifundo vikivimba, au akianza kuhitaji mito zaidi ili alale, hayo ni maji yanayojikusanya, na daktari aambiwe siku hiyohiyo. Na kile kikombe, shangazi wakiache mezani jikoni akifuate mwenyewe.